Kapu la Chumvi na Figo za Mdogo Wangu

Baba mdogo hajawahi kuona figo isipokuwa ya mbuzi, tena ikiwa juu ya makaa. Lakini mdogo wangu alipolalamika kiuno baada ya kupalilia vitunguu wiki nzima, baba mdogo alijua papo hapo kwamba figo zimeziba. Akaenda mnadani Mtinko, akasimama mbele ya muuza mizizi mwenye spika, akarudi na chupa ya maji ya kahawia.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita ili wadogo zangu wasome. Tangu hapo ukoo umeniletea ushauri wa kila aina. Wa kuleta unga sijamwona.

Ujuzi wa baba mdogo ulitoka kwenye chumvi ya mama. Kiangazi mama alikwangua udongo mweupe ukingoni mwa bwawa, akaujaza kwenye kapu lililotandikwa nyasi, akaumwagia maji. Yaliyodondoka chini ndiyo aliyoyachemsha mpaka yakawa chumvi. Basi figo, kwa mujibu wa baba mdogo, ni kapu kama lile. Limejaa tope, linataka dawa ya kulizibua na maji mengi ya kulisuuza. Na chumvi iondolewe kwenye chakula, maana ndiyo inayoganda.

Mdogo wangu alikunywa kwa heshima. Akawa hatoki chooni. Kila baba mdogo alipopita aliulizia rangi ya mkojo kama anayeulizia bei ya alizeti, na aliposikia ni mweupe kama maji alijisifu. Nilisema mtoto anadhoofika. Alinijibu kwamba uchafu ukitoka lazima mtu alegee.

Kesho yake misuli ya miguu ilimkaza, akaanza kuweweseka na kuniita mama. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilimpakia kwenye bodaboda, nikakaa nyuma nimemshikilia, mpaka hospitali mjini.

Daktari alimwekea dripu, kisha akanieleza. Figo huchuja maji mengi kutoka kwenye damu, madumu kwa madumu kila siku, na chumvi hupita humo humo. Yote yakitoka nje, mtu hafiki jioni. Kwa hiyo baada ya chujio kuna mirija myembamba sana inayovuta chumvi na kuirudisha kwenye damu, na maji huifuata. Kinachobaki, kidogo tu, ndicho mkojo. Ile dawa iliizuia mirija kurudisha.

"Na chumvi ya chakula?" aliniuliza.

"Tulikatazwa."

Mimi nilikuwa naliona lile kapu. Baba mdogo alikula chumvi ya mama miaka yote bila kuona kwamba ukimwagia udongo maji tena na tena, mwisho yanadondoka hayana ladha, na udongo unautupa. Hakuzibua kitu. Alikuwa anamsuuza mdogo wangu chumvi yake yote.

Tuliporuhusiwa, baba mdogo alikuja kutupa pole saa ya chakula, kama kawaida yake, na chupa nyingine kwapani. Tulimwamkia shikamoo. Akauliza rangi. Mdogo wangu akasema ni wa njano, tena kidogo.

"Mnaona? Zimeanza kuziba tena," alisema.

Mimi ile njano ilikuwa imenifurahisha kuliko shati jipya. Nilipokea chupa kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaimwaga nyuma ya choo. Kisha nikapakua ugali wa mtama na mlenda. Bakuli la mdogo wangu nilitia chumvi. La baba mdogo sikutia.

Alichovya tonge, akatafuna polepole, akatazama huku na huku.

"Mwanangu, huu mlenda umesahau chumvi."

"Sikusahau, baba mdogo. Chumvi si inaziba?"

Mdogo wangu aliinamia bakuli lake, mabega yakimtikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu augue. Baba mdogo alinyoosha mkono, akakivuta kikopo cha chumvi, akachota.