Mfuaji katika Kitabu cha Madam

Sikuwahi kufundisha Riyadh. Nilifagia. Kwa miaka sita niliwaambia watu wa nyumbani kwamba nasomesha historia katika shule ya wasichana, na aliyedadisi nilimjibu kwa picha: mimi kwenye kochi la madam, mguu juu ya mguu, kikombe cha kahawa mkononi. Picha hizo sisi wafanyakazi wa nyumbani tulizipiga sote. Familia ikitoka matembezi, unaficha kitambaa cha kupangusia nyuma ya mto, na kwa dakika tano unakuwa mwenye nyumba. Mimi niliwazidi wenzangu kwa shahada tu, basi niliongopa kwa ufasaha.

Mezani, mbele ya kochi hilo, kulikuwa na kitabu kinene cha picha za rangi ambazo wanajeshi wa kigeni walizipiga Uchina wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nilikipangusa kila asubuhi, na kwa kuwa historia ndiyo niliyosomea, nilikipangusa ukurasa kwa ukurasa. Vita vyenyewe havikuonekana sana. Kulikuwa na kinyozi kando ya njia, muuza mboga na mizani yake, watoto ndani ya makoti ya buluu yaliyovimba kwa pamba. Kulikuwa na mwanamke akifua mtoni, mikono myekundu kwa baridi, wala hakumtazama mpiga picha. Jina la askari liliandikwa; la mfuaji, hapana. Hilo liliniudhi, kisha nikamwonea wivu. Angalau yeye alipigwa picha akiwa kazini kwake.

"Vumbi bado?" madam aliniuliza siku moja, amesimama mlangoni. "Uchina yote umeshaifuta. Yalla, jikoni!"

Ndipo mdogo wangu akaniandikia kwamba ameacha chuo cha ualimu, akiwa amebakiza mwaka mmoja. Wakala amempatia kazi Riyadh. "Ya kufundisha kama yako, dada."

Ningeweza kumpigia simu nikamwambia ukweli kwa sentensi moja. Nikachagua sanaa. Ndiyo hasara ya kumsomesha mtu kupita kiasi.

Siku hizo familia ilikuwa imehamia nyumba yake ya Jeddah kwa likizo, nami nilikuwa juu ya paa naosha mazulia pamoja na Mkenya mmoja wa mtaa wa Ghulail, kibarua wa kutwa, aliyeniita mwalimu kwa utani tangu asikie nina shahada. Nikampa simu yangu. Nilitaka picha kama ya yule mfuaji: povu, miguu mitupu, nisitazame kamera.

"Mwalimu, si ucheke kidogo?"

"Usiniite mwalimu. Piga tu."

"Kwani ni ya kutafuta bwana? Na hizo magoti?"

"Ni ya mdogo wangu. Anataka kuja, nataka aone."

"Haya, inama basi. Weka uchungu zaidi. Eeh, hapo umeiva!"

Nikaituma na maneno machache: Hii ndiyo kazi yangu. Usije. Niliona ameisoma. Siku mbili zikapita, nami nikajipongeza kwamba amerudi chuoni.

Siku ya tatu alinipigia, nikiwa napiga pasi kanzu za mume wa madam.

"Dada, ile picha nani alikupiga?"

"Rafiki yangu."

"Nilijua. Mlijipanga. Hata kamera hukuitazama, ndiyo ionekane ya kweli! Miaka sita unakunywa kahawa kwenye kochi, mimi nikipata kazi ndiyo unajimwagia povu?"

"Kochi ni la madam. Mimi ni wa kulipangusa. Sijafundisha hata siku moja."

"Mama alisema utasema hivyo. Kwamba hutaki mwenzako ainuke."

Nyuma yake mwanamke alitangaza jambo kwa Kiarabu, kwenye kipaza sauti.

"Uko wapi wewe?"

"Riyadh. Tumeshuka sasa hivi, wasichana kumi na wawili. Aliyetupokea ameshakusanya pasipoti zetu, anasema ni utaratibu wa shule. Ngoja kidogo, dada. Anataka tumpe na simu."