Kurasa za Kuharakisha Kahawa

Raphaeli ni fundi simu wa Tunduma, na mdomo wake hauna likizo. Aliandika riwaya ya mapenzi, akaichapisha kwa jasho lake, na rafiki zake wote wakaisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: jamaa akaanza kutembea kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Ndipo mama mmoja wa Mbozi, Ruti, akaandika kwenye kundi la wasomaji la WhatsApp: “Hadithi tamu, ila katikati mwandishi anahubiri. Msomaji wa raha aziruke kurasa hizo.”

Raphaeli aliumia, hata ugali haukupita. Kurasa hizo ndizo alizozipenda kuliko zote. Humo alimwaga mawazo yake kuhusu maisha. Kitabu cha pili, ambacho alishakifikisha nusu, akakifungia kabatini, akaapa hataandika tena hata neno mpaka huyo mama amwombe radhi.

Jumamosi akapanda gari hadi Vwawa, huko Mbozi, akamuulizia Ruti, akaelekezwa kwenye vichanja vya kukaushia kahawa. Akawakuta wanawake wamekizunguka kichanja wakitoa punje mbovu, na Ruti, miwani puani, anawasomea kitabu chake.

“Shikamoo, mama. Naulizia kahawa,” akadanganya.

“Marahaba, mwanangu. Shika punje hizo, mkono usikae bure.”

Ruti akaendelea kusoma pale wapenzi wanapoachana mpakani. Mikono yote ikasimama. Mama mmoja akajifuta machozi kwa kanga. Raphaeli akavimba kwa furaha.

“Kazi imelala!” akafoka Yunisi, msimamizi wao. “Ruti, hebu soma zile za katikati.”

Wanawake wakaguna. Ruti akafunua, akaanza: “Maisha ni nini, ewe mwanadamu?” Hapo mikono ikaanza kukimbia. Hakuna aliyeinua kichwa. Mmoja akauliza kama chumvi ya mchana ipo. Kichanja kikaisha, wakahamia kingine, na mwanadamu bado hajajibiwa.

“Hizi ndizo za siku mzigo ukiwa mwingi,” Yunisi akamwambia mgeni kwa furaha. “Mwandishi huyu Mungu ambariki.”

Masikio yakamwaka moto Raphaeli. Alitaka kuondoka kimyakimya, lakini kicheko kikamkamata, akacheka mpaka akashikilia nguzo ya kichanja.

“Mama,” akasema alipopata pumzi, “mwandishi ni mimi.”

Ruti akavua miwani, akamtazama toka utosini hadi viatuni.

“Kumbe! Umekuja kugombana?”

“Nilikuja kugombana.”

“Haya, gombana. Tunakusikiliza.”

Njia nzima alikuwa amepanga maneno makali. Sasa akamtazama yule mama wa kanga, ambaye macho yake yalikuwa bado mekundu kwa ajili ya watu aliowatunga yeye. Akavuta ndoo, akaifudikiza, akakaa juu yake.

“Mama zangu, niambieni. Wapi tena mlichoka?”

Wakajibu wote kwa pamoja, ikabidi awaombe waseme mmoja mmoja, kuanzia ukurasa wa kwanza.