Alama za Mwalimu Mwanvua

Mwalimu Mwanvua alifundisha kijijini kwetu Itiryo miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka yote hiyo hakuna binadamu aliyepata saba kwake. Kumi, alisema, ni ya Mungu. Tisa ni ya malaika. Nane alikuwa akiitunza, hakusema anamtunzia nani. Rekodi ya kijiji ilikuwa sita, ya Enock, aliyeandika insha ya ng'ombe wa babu yake mwaka 2003. Mpaka leo, akiwa na duka la vipuri vya baiskeli na kitambi, Enock hutambulishwa harusini kama "yule wa sita".

Nikodemo Wangwe hakuwahi kuvuka tatu.

Alipofika miaka ishirini na tano akaenda kubeba mizigo Kilimanjaro. Wenzake waliposikia ni Mkurya wakafurahi, wakampa ulinzi. Kwa miaka tisa alibeba kilo ishirini mchana kama wao, na jioni akaambiwa akae mlangoni aangalie buti za wageni, maana nchi nzima inajua Mkurya huzaliwa na kirungu mkononi. Katika miaka hiyo hakuna buti iliyoibwa. Hakuna pia aliyewahi kupanda mita elfu tatu na mia saba kwenda kuiba buti, lakini sifa walimpa yeye.

Cheti cha kuongoza wageni alikuwa nacho. Kazi ndiyo hakupewa. Hatimaye Abednego, kiongozi wa msafara, akakubali kumjaribu siku moja: atoke vibanda vya Horombo hadi kituo cha Kibo bila mzigo, na mgeni mmoja, yule wa mwisho kwa mwendo. Amfikishe kabla ya saa tisa alasiri, mzima na mwenye hamu ya kula. Akishindwa, arudi kwenye kilo zake na buti zake.

Mgeni huyo alikuwa Mwalimu Mwanvua, miaka sitini na moja, mstaafu, koti la kuazima, soksi mbili mbili. Alikuwa ameuchora mlima huu ubaoni kila mwaka tangu alipohamishiwa kwetu kutoka Korogwe, na hakuwahi kuuona.

Asubuhi ile maji ya ndoo mlangoni yalikuwa yameganda, na kile kibanda cha mbao kilikuwa na baridi kuliko nje.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa."

"Ni saa mbili kasoro kumi."

"Mimi nilikuwa tayari kasoro ishirini."

Abednego akapita na daftari lake kuuliza kila mtu kichwa kinauma kiasi gani kati ya kumi, maana ugonjwa wa mlima huanzia kichwani. "Moja," akasema Mwalimu. Abednego akaandika: mzima.

Wakaanza kupanda. Mtu wa Itiryo hupanda kilima kama anafukuza mwizi wa ng'ombe, na Mwalimu alikwisha kuiga.

"Pole pole, Mwalimu. Usinipite."

"Nikodemo, nilikuchapa miaka saba ili uharakishe."

"Na ilinisaidia. Sasa rudi nyuma yangu."

Akarudi. Baada ya mahali pa mwisho pa kuchota maji miti iliisha, majani nayo yakaisha, wakatokea kwenye uwanda mpana wa vumbi na mawe, kilele cha Kibo mbele, Mawenzi kulia amejaa meno. Mwalimu akasimama.

"Huyu nilimchora kama kichuguu," alisema. "Na aliyemchora hivyo nikampa tano."

Katikati ya uwanda akanyamaza. Hakukosoa mtu, hata Mjerumani mmoja aliyepita amevaa kaptura. Nikodemo akageuka.

"Kichwa, Mwalimu?"

"Tatu."

Kiongozi mwingine yeyote angesema vizuri, twende. Nikodemo alikuwa ameishi ndani ya tatu ya Mwalimu Mwanvua. Alijua ukubwa wake.

"Kaa chini."

"Nimesema tatu."

"Nimesikia. Tatu yako ni sita ya watu. Ikifika nne tunashuka."

"Utakosa kazi."

"Nitabeba mizigo. Kaa, Mwalimu."

Akakaa. Akanyweshwa maji, kisha chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, kofia ikashushwa masikioni. Saa nane ikapita wakiwa pale juu ya jiwe, misafara yote imeshapotea mbele, na Nikodemo akiitazama saa yake kama mtu anayetazama ng'ombe wake wakivushwa mpaka. Hakusema twende.

Baadaye sana Mwalimu akasema, "Mbili." Kisha, "Moja. Na yule Mjerumani atapata homa ya mapafu." Ndipo Nikodemo akainuka.

Walifika nyumba ya mawe ya Kibo saa kumi na robo. Abednego alikuwa mlangoni.

"Nilisema saa tisa."

"Nilimkalisha. Alikuwa sita."

Mwalimu alikula mabakuli mawili ya supu kwenye kitanda cha mbao, akauliza kama chapati zimekwisha. Abednego akamtazama akitafuna, kisha akauliza anachomuuliza kila mgeni.

"Mama, huyu kijana unampa ngapi kati ya kumi?"

Mwalimu alifikiri kwa muda mrefu, kama zamani na kalamu nyekundu.

"Saba."

"Saba?" Abednego akakunja uso. "Wazungu wanatoa kumi hata kwa anayewachemshia maji."

"Ndiyo maana hawaogopi baridi. Hawajui kupima kitu."

Nikodemo alikuwa ameugeukia ukuta, mgongo kwao. Abednego akaona anajifuta macho kwa kofia, akafungua daftari, akaitazama ile "moja" ya asubuhi na neno aliloandika pembeni. Akalikata.

"Mzigo wako atabeba mwingine," alisema.

"Na buti?"

"Zitajilinda."

Nyuma ya choo pana jiwe ambapo mtandao hushika. Nikodemo akaenda pale na Mwalimu, akampigia Enock Itiryo. Enock akasikiliza, akasema ni uongo, akataka apewe Mwalimu mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu. Amesema saba."

"Marahaba, Enock. Ni kweli."

"Lakini sita yangu ipo, Mwalimu."

"Ipo," alisema Mwalimu Mwanvua. "Ingawa siku ile nilisahihisha nikiwa na malaria."