Diski Namba Moja

Enzi zetu pale mtaani Kambarage, kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni, na hukuigusa kabla ya kunawa mikono. Ndivyo ninavyokumbuka, ingawa kumbukumbu yangu si ya kuapia. Tukitoka shule na vumbi la kucheza rede miguuni, tulipitia kwanza nyuma ya steshenari ya Shangazi kula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, ndipo tukaingia dukani kusaidia.

Shangazi, ambaye wateja walimwita Mama Shija, alichapa barua, alitoa kopi na kuwahifadhia watu picha za harusi na misiba. Pia alisafisha diski za kompyuta kuukuu. Kazi hiyo hakuifanya kwa mausi. Alitufundisha mimi na mwanawe Shija kufungua lile dirisha jeusi na kuandika amri kwa herufi: orodhesha diski, chagua namba, futa, gawa, fomati. Vijana wa sasa wakitaka kufuta kitu wanaulizwa "una uhakika?", nao wanabonyeza ndiyo bila kusoma. Si wote, lakini wengi. Dirisha letu halikuuliza kitu. Ukibonyeza Enter, imekwenda.

Kwa hiyo sheria ya duka ilikuwa moja: mmoja anaandika, mwingine anasoma kioo kwa sauti.

"Msiangalie namba tu," Shangazi alisema. "Angalieni ukubwa. Namba zinahama kama ng'ombe wa Kishapu. Ukubwa hauhami."

Tuliijua sheria. Nadhani tuliizoea mno. Diski ya mashine ilikuwa sufuri, ya mteja ilikuwa moja, siku zote.

Asubuhi moja ya likizo Shangazi alikuwa ametoka kununua wino. Shija yuko kwenye kibodi akisafisha diski ya mteja, mimi nimesimama nyuma yake nisome. Akaingia Mzee Masanja wa Didia, kofia mkononi. Alifuata picha ya marehemu mkewe, aliyopigwa kwenye harusi ya mjukuu wao. Nyingine hakuwa nayo. Sisi wasichana tulilelewa kumpigia magoti mkubwa, nami nikapiga hapo hapo, uso chini.

"Mwangaluka, guku," nikamwamkia babu kwa kilugha chetu.

"Mwangaluka, mjukuu wangu. Nyumbani wazima? Mama mzima? Shule inakwenda?"

Salamu za kwetu ni ndefu. Katikati yake Shija akauliza, "We, namba ngapi?"

"Moja," nikajibu nikiwa sakafuni. "Kwani lini imekuwa nyingine?"

Kumbe alipofungua duka Shangazi alikuwa amechomeka ile diski ya kuhifadhia picha, kwa ajili ya huyu huyu mzee. Hiyo ndiyo ilikuwa moja, na ya mteja ilikuwa mbili. Shija akafuta, akagawa, akafomati kwa ile njia ndefu isiyobakiza kitu. Nilipoinuka, asilimia zilikuwa zimeshapanda sana, na ukubwa nilioona kwenye kioo haukuwa wa diski ya mteja, bali wa diski ya picha.

Shangazi aliporudi aliuliza, "Nani kabonyeza?"

"Mimi," Shija akasema.

Hakuuliza nani alisoma, nami sikusema. Shija alichapwa, akazuiwa kugusa kompyuta hadi likizo ikaisha. Simlaumu Shangazi, yeye hakuwepo. Mzee Masanja hakugomba. Alikaa kwenye benchi akizungusha kofia yake, kisha akasema, "Huyu binti msimguse. Ameniamkia vizuri."

Maneno hayo yameniuma kuliko fimbo ambayo sikuipata.

Mwaka huu nimemwambia Shija. Siku hizi yuko Geita, anatengeneza kompyuta za watu wa machimbo. Akacheka. "Dada, nilijua uko chini. Macho ya kusoma kioo si nilikuwa nayo?" Labda ni kweli, labda ananionea huruma. Mimi naandika hapa kwamba sehemu kubwa ilikuwa yangu.

Wenzangu wa rika langu husema watoto wa leo wanatamka shikamoo macho yakiwa kwenye simu, na hawapigi magoti tena. Ni kweli, na mimi hunichoma. Zamani kulikuwa na heshima, mtu akiingia alijua ameonekana. Ila binti yangu akiniambia, "Mama, subiri kidogo nimalize hiki," huwa nashindwa kumgombeza. Nasubiri. Mzee Masanja naye angesubiri, kama ningemwomba.