Barua Niliyouandikia Ukoo

Siku ile naikumbuka mpaka baridi yake, mwanangu. Ulikuwa mwezi wa sita, ukungu umelala juu ya mipaina ya kijiji chetu kule karibu na Mafinga, nami nimerudi likizo, mwanafunzi wa kidato cha tatu, kichwa kimejaa vitabu. Babu akatuma mtu jikoni: "Mwambieni aje sebuleni, wazee wanamhitaji." Weee! Msichana kuitwa kwenye kikao cha ukoo! Nilikimbia huku najifunga kitenge njiani. Mpaka leo nikisimulia, moyo unanidunda.

Nikaingia, nikapiga goti, nikawaamkia, "Kamwene." Wazee wakaitikia. Baba mkubwa, yaani kaka yake baba yangu, akanionyesha kiti. Kiti, mwanangu, siyo mkeka! Akanipa karatasi na kalamu, akasema, "Wewe ndiye msomi wetu. Tunataka barua ya kupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Iwe na Kiswahili kizito."

Barua yenyewe ilimhusu mama mdogo Tusekile. Huyu alikuwa mke wa baba mdogo, ambaye tulimzika kabla ya Pasaka. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, aliyeolewa kwetu akiwa binti mdogo, na Mungu alimjalia watoto wawili wa kike. Baba mdogo alimwachia nyumba na shamba la mipaina pale bondeni, miti inayoanza kunenepa. Sasa baba mkubwa alikuwa anataka shamba lirudi mikononi mwake, na mama mdogo arudi kwao.

Nami nikaandika. Nitakuficha nini? Niliandika kwa furaha. Wakisema neno la kawaida, mimi natafuta la kupendeza zaidi. Baba mkubwa akaniambia niandike kwamba lile shamba ni la ukoo, na kwamba huyo mama hakuwahi kulishughulikia. Nikaandika. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja akaniongezea kikombe cha chai. Nilitoka pale najiona nimeshakuwa mtu mzima.

Nikarudi jikoni. Na nani alikuwa jikoni? Mama mdogo Tusekile mwenyewe, anasonga ugali wa kuwalisha wageni waliokuja kumfukuza. Naye kikao kilikuwa kinamhusu, lakini hakuitwa.

Hapa sina budi nikueleze jambo. Likizo ile, kila jioni tukipukuchua mahindi, nilikuwa nawasomea akina mama, mama mdogo akiwemo, riwaya moja ya zamani tuliyopewa shuleni. Ndani yake kulikuwa na mjane anayenyang'anywa ardhi na shemeji yake, na karani mmoja anayeandika hati ya uongo ili apate kusifiwa na wakubwa. Shuleni nilikuwa hodari wa dhamira. Ukandamizaji wa wanawake, tamaa ya mali, unafiki wa viongozi, vyote navitaja bila kufungua daftari, na mwalimu ananipigia makofi. Tulipofika kwenye ile sura ya hati, nilitupa gunzi chini kwa hasira, nikasema kwa sauti, "Huyu karani ndiye mbaya kuliko wote! Bila yeye shemeji asingeweza kitu!"

Basi mama mdogo akanipakulia ugali na maharage. Akaniuliza taratibu, "Umewaandikia nini?"

Nikamwambia. Yote. Na unajua nilimwambiaje? Kwa majivuno kidogo.

Hakulia. Akasema, mwiko ukiwa mkononi, "Yule karani wa kitabuni, mwanangu. Ulimsemaje siku ile?"

Nikainamia sahani yangu.

"Na mimi nilidhani umemsoma," akasema. "Kula, ugali unapoa."

Mwanangu, sijawahi kupigwa kofi lililoniuma kama maneno yale. Kwa sababu mimi mwenyewe, nikiwa shule ya msingi, nilibeba miche ile kutoka kitaluni mpaka bondeni. Nilimwona mama mdogo akichimba mashimo, mtoto mgongoni, mvua inamnyeshea. Nilijua. Nilijua wakati naandika, lakini utamu wa kile kiti ulinifumba macho.

Kesho yake asubuhi mwenyekiti wa kijiji akaja na mhuri wake kuigonga ile barua. Watu wakajaa uani, akina mama wamesimama mlangoni. Baba mkubwa akasema, "Msomi wetu, tusomee."

Nikasimama. Nikasema, "Babu, barua hii nimeiandika mimi. Ni ya uongo."

"Kaa chini!" baba mkubwa akafoka.

"Mwache amalize," babu akasema.

Nikamaliza! Sijui sauti niliitoa wapi. Nilieleza habari ya miche, mashimo, mvua, mtoto mgongoni. Babu akauliza, "Kuna mwingine aliyeona?"

Akina mama wakatazamana. Kisha kutoka mlangoni shangazi yangu mkubwa, aliyekuwa anamwogopa kaka yake kuliko simba, akasema, "Mimi niliona." Akafuata mwingine: "Na mimi." Na mwingine! Mpaka mzee mmoja aliyekuwa kikaoni jana yake akainamisha kichwa, akasema, "Na mimi nilipita pale nikamkuta analima." Mwenyekiti akaurudisha mhuri mfukoni.

Mama mdogo hakuondoka. Miti ile ilivunwa akiwa hai, na binti zake wakasoma. Baba mkubwa hakuitikia salamu yangu kwa miaka miwili, na sitakudanganya, iliniuma, maana nilimpenda. Ila nilifundisha Kiswahili miaka mingi hapa Mbeya, na kila darasa nililoingia niliingia na aibu ya siku ile na furaha yake.

Juzi hapa mtaani kwetu Ilomba mjukuu wangu alikuwa ananisomea majibu yake ya mtihani, udhalilishaji, usawa wa kijinsia, safi kabisa, huku kidole kinasambaza kwenye kundi la simu video ya binti wa jirani anayechekwa na mtaa mzima. Nikamwambia aweke simu chini, nikamsimulia haya ninayokusimulia wewe. Akaifuta, akaenda mwenyewe kubisha hodi kwa jirani kuomba radhi. Nilitamani kuruka, na magoti haya!

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Unaposoma habari ya mtu aliyeonewa, ni rahisi kumlilia. Jitafute pia kwa yule aliyeonea, na kwa yule aliyesaidia ili asifiwe, na kwa waliokaa kimya mlangoni. Ukijikuta hapo, usijifiche. Simama useme, hata kama umechelewa siku moja, hata kama anayekukasirikia ni mtu wa nyumbani.

Mungu akupe macho ya kujiona na ulimi usiotetemeka mbele ya wakubwa. Akuzungushie watu watakaosema "na mimi" ukisimama peke yako. Nenda kwa amani, usome sana.