Baba wa Kwenye Fomu

Barua ya kunyimwa iliingia kwenye simu, na aliyenisomea ni binti huyo huyo aliyenyimwa. Tulikuwa uani, mimi naosha madebe ya mawese, yeye amesimama mlangoni. Aliisoma kwanza kwa Kifaransa, kisha akanifasiria polepole: ombi lako la kibali cha kusoma nchini kwetu limekataliwa, kwa sababu umetoa maelezo yanayopingana kuhusu familia yako. Kwenye fomu umesema baba yako amefariki. Kwenye barua iliyoambatanishwa, baba yako amesaini kwamba atakulipia masomo.

"Maiti imetia saini," nikasema. "Loh! Kumbe mimi mzuka na sijui."

Hakucheka. Chuo kilishamwandikia kwamba masomo yanaanza baada ya majuma tisa, na asipofika, nafasi yake atapewa mwingine. Nafasi ile aliitafuta miaka miwili. Alitaka kusomea uhandisi wa maji, tangu ziwa lilipopanda likala nyumba za watu kule Gatete, na ya rafiki yake wa shule ikiwemo. Huku kwetu kila mtu alikuwa analia na maji. Yeye akasema anataka kujua yanazuiwaje. Na mimi nilikuwa nimemfungia mlango kwa neno moja.

Neno lenyewe ni baba.

Mimi sikumzaa. Aliyemzaa ni kaka yangu wa tumbo moja, na alikufa kwa homa mtoto hajatimiza miaka miwili. Arobaini ilipokwisha, ndugu wakakaa mkekani wakaniambia: huyu sasa ni wako. Haikuandikwa karatasi. Nani angeandika, na amwandikie nani? Mama yake baadaye akaolewa ng'ambo ya ziwa, Uvira, na kwa ridhaa yake mtoto akabaki kwetu. Mke wangu akambeba mgongoni. Mimi nikampeleka madrasa, nikampeleka shule, nikakaa naye hospitali malaria ilipompanda kichwani hadi akawa ananiita kwa jina la mbuzi wetu. Wahenga walishasema, kuzaa si kazi, kazi kulea.

Na hata nisingefanya hata moja kati ya hayo, bado ningeitwa baba, kwa sababu mdogo wa baba ni baba. Baba mudogo, ndivyo tunavyosema. Mtoto akishazoea, hilo "mudogo" linadondoka lenyewe kama jino la utotoni. Kwa Kirundi ni data wacu, yaani baba yetu. Rumonge nzima, msikitini na kanisani, sokoni na ufukweni, huwezi kumpata mtu ambaye angeona kuna kosa hapo.

Sikatai kwamba wenye nchi yao wana haki ya kuuliza nani anaingia. Waliomba pasipoti, tukatoa. Wakaomba barua ya chuo, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha kaka yangu, karatasi ya polisi kwamba binti si mwizi, kipimo cha kifua kwamba hakohoi. Wakataka picha ambayo mtandio haugusi kidevu. Akapigwa picha mara tatu. Wakataka na karatasi za benki za miezi sita, za huyo anayelipa. Mimi mali yangu inakaa kwenye madebe, lakini nilifungua akaunti nikangoja miezi sita ipite kama anayengoja ndizi ziive. Yote hayo niliyameza.

Kilichoniangusha ni ile barua ya anayelipa. Nilikwenda kwa bwana mmoja anayechapisha barua za watu karibu na soko. Akaniuliza, vidole viko juu ya kompyuta, "Mzee, weye ni nani kwake?"

"Baba yake," nikajibu.

Akaandika kwa Kifaransa, père. Nikasaini kwa mbwembwe, nikagandamiza na dole gumba kabisa ili wasije wakatia shaka. Binti kwa upande wake alikuwa ameijaza fomu kwa ukweli wote: baba, jina la marehemu, amefariki. Barua yangu hakuisoma. Aliipokea kwa mikono miwili akaitia kwenye dosye, lile faili la maombi. Kwa nini aisome? Aliyeiandika ni baba yake.

Asubuhi baada ya ile barua ya kunyimwa tukashika njia ya Bujumbura. Pale Gitaza wanawake walikuwa wanageuza ndagala, dagaa wa ziwani, juani. Kabezi tukasimama kupisha magari, maana maji yalishang'ata nusu ya barabara. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na binti ananibana mkono: "Baba, tafadhali, usigombe. Ukigomba wataandika."

Kwenye ofisi ya viza kuna kioo, na kioo kina tundu la kuongelea. Nyuma yake alikaa msichana wa hapa hapa kwetu, mpole, amevaa nadhifu. Nikamwamkia, amahoro, nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, nimeelewa. Lakini wanaoamua wako mbali. Wao wanaona maneno mawili: baba amekufa, baba analipa."

"Na wewe, binti yangu, mdogo wa baba yako unamwitaje?"

Akainamisha macho. "Data wacu."

"Maana yake?"

"Baba yetu."

"Basi?"

"Fomu haijui Kirundi, mzee."

Nilitaka kumuuliza kama fomu inajua kubeba mtoto mgonjwa, ila nikakumbuka ule mkono ulionibana. Akatuambia tuanze upya: dosye mpya, barua mpya, na safari hii ushahidi kwamba mimi na marehemu ni ndugu, kwa sababu majina yetu hayafanani.

Hayafanani! Jamani, yafanane vipi? Kwetu kila mtoto anazaliwa na jina lake. Mimi nina jina langu la Kiislamu na jina langu la Kirundi, kaka yangu alikuwa na yake, dada zetu wana yao. Hatukugawiwa jina moja la kuvaa wote kama wachezaji wa timu. Kwenye fomu kuna kisanduku cha jina la ukoo, na watu wazima tunakaa tunakitazama hicho kisanduku kama mtego wa panya. Mwaka ule ule jirani yetu alikiacha kitupu, akaambiwa dosye haijakamilika. Mwingine akaandika jina la babu, akaambiwa amedanganya. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini hawa hata kuuliza maana hawakuuliza.

Nikaenda kwa mkubwa wa mtaa akaniandikia hati ya undugu. Nikaenda komini, ofisi ya serikali ya hapa, ikapigwa muhuri. Komini wakasema ingekuwa na nguvu zaidi kama ningekuwa na hukumu ya ulezi kutoka mahakamani. Nikaenda mahakamani. Karani akafungua daftari.

"Mutoto iko na miaka ngapi?"

"Ishirini na mmoja."

Akafunga daftari. "Mzee, huyo si mutoto tena. Ulezi iko ya watoto. Ungekuja zamani."

Zamani! Zamani nilikuwa namtafutia maziwa. Zamani hakuna aliyeniambia kwamba siku moja mtu asiyetujua atataka hukumu ya jaji ili aamini kwamba nilimlea mtoto wa ndugu yangu. Wallahi, siku ile nilitoka mahakamani nikakaa juu ya jiwe nje. Nilikuwa na hasira nao, lakini nisifiche: nilikuwa na hasira na nafsi yangu pia. Binti aliandika sawa. Aliyekosea ni mimi, kwa kujibu swali kama ninavyolijibu kila siku.

Zikabaki barua mpya na mahojiano pale ofisi ya viza. Barua ilikuwa rahisi, neno moja tu kubadilisha: père iwe oncle, yaani ami. Mahojiano ndiyo yalimtesa, kwa sababu ulimi hauna kifutio. Mke wangu akasema tumfanyishe mazoezi. Akaingia jikoni, akakaa nyuma ya kidirisha kana kwamba ndiyo ile ofisi, binti akasimama nje kwenye jua.

"Nani anakulipia masomo?"

"Ba—"

"Umeshafeli! Rudi kwenye foleni!"

Tukacheka. Akarudia. Mara ya tano akaweza: "Oncle wangu." Mara ya sita mke wangu akauliza, "Baba yako yuko hai?" na binti akanitazama mimi, niliyekuwa nimekaa pale pale kwenye kigoda, na machozi yakaanza kumtoka. Akasema hawezi. Akasema ni kama kunitukana mbele ya watu.

"Sema," nikamwambia. "Si uongo. Aliyekuzaa amekufa. Siye mimi wanayemuuliza."

"Najua, baba. Lakini mdomo haujui."

Siku ya mahojiano niliruhusiwa kukaa kwenye benchi, hatua nne kutoka kwenye kioo. Msichana yule yule alikuwepo, anasoma maswali na kuandika majibu. Jina. Chuo. Kwa nini maji. Hapo binti aliongea vizuri kuhusu Gatete hadi msichana akasahau kuandika. Kisha nikasikia, kupitia lile tundu:

"Baba yako yuko hai?"

Msichana akanitupia jicho, haraka, akalirudisha kwenye fomu.

"Amekufa," binti akasema.

"Na huyu anayekulipia?"

"Oncle."

Nimewahi kutukanwa sokoni, na akutukanaye hakuchagulii tusi. Nimewahi kuitwa mgeni katika mji niliozaliwa kwa sababu tu babu yangu alivuka ziwa. Hakuna kilichoniuma kama kuzikwa nikiwa nimekaa, nimevaa kanzu yangu ya Ijumaa, nimeshika mfuko wa machungwa ya njiani. Binti alipotoka hakuweza kuniangalia. Nikamenya chungwa nikampa nusu. "Umeniua vizuri," nikamwambia, "umepasi." Akalia na kucheka kwa pamoja, akala.

Kibali kilitoka siku nne kabla ya masomo. Akaondoka. Mke wangu, ambaye hana adabu, tangu hapo akipakua chakula ananiita, "Marehemu, karibu mezani."

Nilidhani ndiyo basi. Kumbe kibali ni cha mwaka mmoja. Kila mwaka kinaombwa upya, na kila mwaka wanauliza yale yale, kana kwamba kaka yangu angeweza kufufuka katikati ya muhula. Nikifikiri kwa utulivu, kisanduku cha jina la baba ndicho mahali pekee ambapo mtoto bado anaandika jina la kaka yangu na kumwita baba. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba kimetengenezwa kiwe na nafasi ya baba mmoja, na watengenezaji hawakujiuliza kama kuna watu duniani ambao mtoto wao hawezi kuachwa bila baba kwa sababu mmoja amekufa.

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule bwana wa karibu na soko. Hii ni mara ya tatu tangu binti aondoke. Amezeeka kidogo, kompyuta ni ile ile. Akaniuliza kwa mazoea, "Mzee, weye ni nani kwake?"

"Andika oncle."

Akanitazama juu ya miwani. Ni mtu wa Rumonge huyu, alishaniona nikimshika mkono binti kumpeleka shule akiwa hajui hata kufunga viatu. "Oncle tena? Si mutoto yako huyu?"

"Andika tu."

Akaandika. Nilisaini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi, ikabidi atoe nyingine, nami nikasaini tena. Nilikuwa bado nimesimama pale simu ilipolia. Alikuwa binti, na kulikuwa na upepo mwingi huko aliko.

"Baba," akasema, "barua umeshaituma?"