Nani Kaifunga?

Mdogo wangu aliniachia ile laptop likizo yake ya mwisho, kabla hajarudi masomoni India na moyo wake kuanza kumsumbua. Aliiwekea mfumo wa Linux, eti virusi vimemchosha. Mimi nilishapunguzwa kazi kiwanda kilipopata mwekezaji, nikawa fundi wa kompyuta wa kuungaunga. Nyumba yetu ilipakana na gesti mpya yenye intaneti ya hewani, na meneja alituruhusu tuidandie.

Mama alishuka kutoka kijijini Kinole, milimani, na kitambaa alichokifuma mwenyewe, cheupe, chenye lastiki pembeni. Redio ilikuwa na chake, televisheni ilikuwa na chake, akaona aibu laptop ikae uchi. Akaivisha, lastiki ikakaza sawasawa. Kesho yake mdogo wangu angepasuliwa moyo huko India, na daktari alikubali aonane kwanza na mama kwenye kompyuta. Siku ilipofika mama akavaa kanga mpya, akakaa mbele ya kioo cha laptop.

Nikavua kitambaa, nikawasha. Hakuna mtandao. Nikazima, nikawasha tena, hola. Niliandika kila amri niliyoijua, na kila mara mashine ikajibu mstari ule ule wa Kiingereza, kwamba mtandao umefungwa. Umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu asubuhi, ni gesti tu iliyokuwa na jenereta, kwa hiyo kukimbilia intaneti kafe ilikuwa kazi bure. Simu ya mdogo wangu ilishazimwa huko hospitalini.

"Mbona kimya?" mama akauliza.

"Mtandao umefungwa, mama."

Kwetu milimani tumbo la mwanamke hufungwa, duka la mtu hufungwa, na siku zote yupo aliyefunga.

"Nani kaifunga?" akauliza kwa sauti ya chini, akaanza kusoma dua mkono ukiwa juu ya laptop. Nikamwambia kwa ukali anipishe nifanye kazi. Roho iliniuma hapo hapo, ila sikuomba radhi, maana muda ulikuwa unakwisha.

Baadaye sana nikausoma ule mstari kwa utulivu: kufuli si la programu, ni la mashine yenyewe. Nikaigeuza. Ukingoni mwa mbele palikuwa na kiswichi cha intaneti ya hewani, kidogo kuliko kucha, kimesogea upande wa kuzima. Nikakirudisha, na ujumbe wa mdogo wangu ukaingia.

"Kaka, mko wapi? Wamekuja kunichukua. Mwambie mama nimemsubiri."

Hakuzinduka.

Baada ya matanga mama aliiona laptop mezani, akachukua kitambaa chake akaivisha. Nilikuwa nimekaa karibu. Lastiki ilipita ukingoni mwa mbele, na kiswichi kikateleza nayo hadi upande wa kuzima, taratibu, mbele ya macho yangu.

"Ulimjua aliyeifunga?" akaniuliza.

"Hakuna mtu, mama. Ilikuwa hali ya hewa."

"Yupo," akasema. "Na Mungu atamlipa." Akaivuta lastiki kwa vidole vyake, ikae vizuri.